"Mbona mimi mzima?" Maswali kuhusu kitambi, kiribatumbo na kazi ya Serikali

Nafanya kazi kliniki ya presha na kisukari hapa Dar es Salaam. Maswali haya nayasikia kila wiki kwenye benchi la kusubiria. Mengi huja yamechelewa: mgonjwa ameletwa na bajaji, mkono mmoja hauna nguvu, na ndugu zake wanaapa kwamba hakuwahi kuumwa.

Kiribatumbo ni nini hasa?

Ni mafuta kuzidi mwilini mpaka yanahatarisha afya. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Ukipata 25 na kuendelea, uzito umezidi. Ukifika 30, hicho ni kiribatumbo. Mtu wa kilo 85 mwenye urefu wa mita 1.60 ana 33. Kama huna mzani, azima futi ya fundi cherehani uzungushe tumboni bila kuvuta pumzi ndani. Mwanamke akivuka sentimita 80, na mwanamume 94, hatari imeanza kupanda.

Tumbo ni langu. Serikali inahusikaje?

Inahusika kwa sababu kitambi kinaweza kuleta presha, kisukari na figo kushindwa, na kitanda cha wodi na mashine ya kusafisha damu ni vya wote. Utafiti wa kitaifa wa 2004-05 ulikuta wanawake 18 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito. Kufikia 2015-16 walikuwa 28. Ni miaka kumi na moja tu! Na utafiti wa 2012 wa magonjwa yasiyoambukiza, kama presha na kisukari, ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa na presha ya juu.

Basi imefanya nini?

Zamani ukisema lishe, wengi tulifikiria udumavu wa watoto tu. Mpango jumuishi wa taifa wa lishe wa 2016/17 hadi 2020/21 uliingiza pia magonjwa yasiyoambukiza yanayotokana na ulaji, na mpango wa pili ukaendeleza hadi 2025/26. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Mwaka 2019 ukazinduliwa mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza. Mwaka 2023 tukapata mwongozo wa taifa wa chakula na ulaji.

Nayathamini haya, maana nimeona watu wazima wakikimbia asubuhi ambao kabla ya hapo wangeona aibu kuvaa raba mtaani. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi ni siku 12 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kila wiki za kutembea haraka au zoezi linalolingana na hilo. Na hizo dakika mtu wa Tandika au Manzese atazitembea wapi? Pembeni mwa barabara pamejaa bodaboda na meza za biashara, na viwanja tulivyochezea utotoni vina nyumba sasa. Mwongozo nao unatakiwa umfikie mama lishe na muuza chipsi, usiishie kabatini ofisini. Hapo halmashauri bado zina kazi kubwa.

Mbona mimi mzima? Sisikii chochote.

Hili ndilo swali ninalotaka life. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Kisukari kinaweza kukaa mwilini miaka bila kukusumbua. Huku mishipa ya damu inaharibika, figo zinachoka, macho yanaingia ukungu. Kwa hiyo kusema "sisikii chochote" hakunipi jibu lolote kuhusu presha yako. Mashine ya kupimia ndiyo inayonipa.

Lakini nafanya kazi zangu zote, nabeba mizigo Kariakoo!

Pima.

Na kichwa hakiniumi kabisa.

Pima. Wengi wenye presha hawaumwi kichwa. Ukisubiri mpaka kichwa kianze kuuma, utakuwa umechelewa.

Mzee wangu alikuwa na kitambi, akaishi miaka mingi.

Nashukuru aliishi. Ila wewe una mwili wako, na huenda mzee alitembea kwa miguu kwenda shamba au kazini, wakati wewe unatoka kwenye bodaboda unaingia kwenye kiti. Naomba pia tuache kusifiana kwa namna hii: mtu ameongezeka kilo 15, tunamwambia amenawiri, maisha yamemkubali. Aliyepungua kwa kufuata ushauri wetu anaulizwa kama anaumwa. Nina wagonjwa walioacha kutembea jioni kwa sababu ya maneno ya majirani. Inaniuma sana.

Nikinywa zile chai na vidonge vya kukata tumbo?

Hapana. Vingine vinakuharisha tu, unapoteza maji na unadhani ni mafuta. Vingine hatujui vina nini ndani, na ukiwa tayari una presha vinaweza kukuumiza. Na upande wa pili, wadada wanaonunua vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio: baadhi ni dawa za jamii ya steroidi, na hizo zinapandisha sukari na presha. Acheni, nawaomba.

Nikate ugali kabisa?

Punguza kipimo, ongeza mboga za majani na maharage. Anza na soda: kola ya nusu lita ina sukari inayokaribia gramu 50, kama vijiko vya chai 12, nacho ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikivuke kwa siku nzima. Juisi ya mtaani iliyokolezwa sukari haina nafuu. Chipsi mayai kila usiku saa nne, hapana.

Mwanangu ni bonge, wanasema ana afya.

Mlete apimwe uzito na urefu. Usimfungie pipi na soda kwenye chakula cha shule, na mwache acheze nje.

Nipime wapi, na mara ngapi?

Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kupima presha ni dakika chache. Kama futi imevuka vile vipimo nilivyotaja mwanzo, au wazazi wako wana kisukari au presha, usipitishe mwaka bila kupima presha na sukari. Ukikutwa na presha ukaanzishiwa dawa, usiache eti kwa sababu umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu unameza.

Mdomo ukipinda ghafla, au mkono ukalegea, au maneno hayatoki?

Hicho kinaweza kuwa kiharusi. Hospitali, saa hiyo hiyo. Usisubiri asubuhi, usimkande kwa maji ya moto, msimpeleke kwanza kwa mtaalamu wa kienyeji, na maombi yafanyike mkiwa njiani. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, na madaktari wanahitaji kwanza kipimo cha kichwa. Kumbukeni saa dalili zilipoanza. Ndilo jambo la kwanza mtakaloulizwa mlangoni.