Jack Russell ni mdogo, sio mpole: dhana potofu na ukweli

Hapa Mtwara mjini ukimwona yule mbwa wa aina ya Jack Russell, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, mfupi, haachi kunusa, basi ujue kuna familia inahangaika naye, maana wengi wanamchukua kwa kudanganywa na umbo.

"Ni kadogo haka, hakana shida." Jamani. Udogo wake ni wa kazi. Mchungaji John Russell wa Devon, Uingereza, alinunua jike anaitwa Trump mwaka 1819 na huko ndo ukoo ulipoanzia, alitaka mbwa wa kuingia kwenye shimo la mbweha abweke humohumo chini mpaka mbweha atoke au watu wachimbe wamfikie. Wawindaji wa kule hadi leo wanamshika kifua kwa viganja viwili nyuma ya miguu ya mbele, vidole visipokutana huyo mnene, shimoni hapiti. Sasa mnyama aliyezoeshwa vizazi na vizazi kujiamulia mwenyewe gizani, wewe unataka alale chini ya mwembe siku nzima. Thubutu!

"Anachimba kwa kiburi, mchape." Ukimchapa atachimba ukitoka, na wengine wanaanza kung'ata mkono. Mpe kazi. Alfajiri kabla jua halijawa kali mpeleke ufukweni Shangani, fukia dagaa wakavu sehemu kadhaa kwenye mchanga mwache atafute kwa pua, akirudi nyumbani kachoka akili sio miguu tu, na hapo ndo utapata utulivu. Kona moja ya uwani mwachie ni yake ya kuchimba, nyingine zizibe.

"Mfunge mnyororo mchana ili usiku awe mlinzi." Huo mnyororo unazalisha kelele na hasira tu. Kubweka atabweka, ila mwizi hamzuii, ana kilo 6 huyo.

"Akikua na kuku atawazoea." Atawazoea mpaka siku kuku mmoja akurupuke kukimbia, basi. Banda liwe la wavu na wavu uzame ardhini, la sivyo atapitia chini. Mtoto mdogo pia usimwache naye peke yao, mbwa huyu hapendi kuvutwa masikio.

Kwenye panya ni kweli anasaidia, hasa kama unahifadhi korosho au mahindi ndani. Ila kuna watu wanaweka na sumu ya panya hapohapo, mbwa anakula panya mwenye sumu, siku chache baadaye anavuja damu puani wanasema karogwa. Chagua moja. Nyoka nao haogopi, akitemewa mate na swila muoshe macho kwa maji mengi harakaharaka umpeleke kwa daktari wa mifugo.

"Mbwa wa ndani hapati kichaa." Anapata. Chanjo kila mwaka, na akikung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali, hata kama ni mkwaruzo. (Na majirani wasiotaka mate ya mbwa kwenye nguo zao za swala wana haki yao, rekebisha uzio.)

Halafu eti "akifika miaka miwili atatulia". Wengi wanafika miaka 13 na zaidi na bado wanakimbiza kenge, yaani huyo mwanao wa darasa la pili anaweza kumaliza fomu siksi mbwa bado anakuchimbia uwa.