Kwacha, mahindi na kura ya urais: yanayosemwa mpakani na yaliyotokea kweli

Sisi wa Mbeya na Songwe uchumi wa majirani tunaushika kwa mikono. Ukishuka kwenye gari Tunduma, wabadilisha fedha wanakutajia kiwango cha kwacha ya Zambia kabla hujauliza. Kasumulu, mafuta yakiadimika Malawi, utaona madumu ya petroli yanatafutwa upande wetu. Kwa hiyo uchaguzi wa urais wa majirani tunaujadili kwa moto, na bado kuna mambo yanarudiwa kila mara ambayo matokeo yameshayakanusha.

Dhana: Uchumi ukikua, chama tawala kinarudi madarakani.

Mei 2021 bei ya shaba ilivuka dola 10,000 kwa tani, rekodi ya wakati huo, na shaba ndiyo tegemeo kuu la Zambia. Agosti mwaka huohuo Rais Edgar Lungu akashindwa na mpinzani wake Hakainde Hichilema kwa tofauti ya kura karibu milioni moja. Mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 24, na Novemba 2020 nchi ilikuwa imeshindwa kulipa deni la nje. Fedha ya shaba haikufika kwenye unga wa nshima, yaani ugali wao. Mpiga kura hupima kwa bei ya unga.

Dhana: Mfumuko wa bei ukishuka, hasira nayo inashuka.

Hapa ndipo wanasiasa wengi wanapojidanganya, na wachambuzi wetu pia. Mfumuko kushuka maana yake bei zinapanda polepole, hazirudi zilikotoka. Chukua debe la mahindi la shilingi 10,000. Mwaka wa kwanza linafika 15,000, mwaka wa pili 15,300. Serikali itatangaza mfumuko wa asilimia 2, na itakuwa imesema kweli. Mama wa Uyole anayelisha watu sita atatoa 15,300 zilezile, na anaikumbuka vizuri 10,000.

Marekani ni ushahidi mzuri. Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, kufikia Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.6, na wasio na ajira walikuwa kama asilimia 4 tu. Chama cha Democratic, kilichokuwa madarakani, kikapoteza urais Novemba hiyo. Mishahara ilikuwa imepanda pia, lakini mtu akiongezwa mshahara huona ni jasho lake. Bei ikipanda huona ni serikali.

Dhana: Wapiga kura hutenganisha kosa la rais na mkosi.

Hawatenganishi sana. Malawi ilipigwa na kimbunga Freddy mwaka 2023 na ukame wa El Niño mwaka 2024. Hayo Lazarus Chakwera, rais wa wakati huo, hakuyaleta. Kushusha thamani ya kwacha ya Malawi kwa asilimia 44 Novemba 2023 ulikuwa uamuzi wa wakati wake. Vyote vikaingia kwenye hesabu moja. Septemba 2025 wapiga kura wakamrudisha Peter Mutharika, yuleyule waliyemwondoa mwaka 2020.

Dhana: Hali ikiwa ngumu, chama tawala lazima kianguke.

Mwaka 1936 Wamarekani wengi hawakuwa na kazi, na Rais Franklin Roosevelt, aliyeingia madarakani mwaka 1933, akashinda tena, majimbo 46 kati ya 48. Watu walilinganisha na mwaka 1933, wakaona wanapanda kutoka shimoni.

Upande mwingine wa jambo hili ni mchungu, na tusiukwepe. Uchumi humwangusha mtawala pale tu wapinzani wanapobaki kwenye karatasi ya kura na kura zikahesabiwa kwa haki. Zimbabwe, Machi 2008, Rais Robert Mugabe alizidiwa na kiongozi wa upinzani Morgan Tsvangirai katika duru ya kwanza, fedha ya nchi ikiwa imegeuka makaratasi. Kabla ya duru ya pili wafuasi wa upinzani wakapigwa, wengine wakauawa, Tsvangirai akajitoa. Juni Mugabe akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 85, na bei zikaendelea kupanda hadi watu wakaiacha dola ya Zimbabwe na kushika fedha za kigeni.