Koti nene si kinga: dhana potofu kuhusu matembezi ya majira ya baridi

Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Februari, ninapowapokea wanachama wapya wa klabu yetu ya matembezi katika stesheni ya Edale, chini ya kilima cha Kinder Scout katika hifadhi ya taifa ya Peak District nchini Uingereza, husikia kauli ileile. Aliyeitoa mara ya mwisho alikuwa kijana wa Kitanzania aliyefika kwa treni ya asubuhi kutoka Manchester, akiwa amevaa fulana mbili za pamba, sweta ya pamba yenye kofia, suruali ya jinzi, na juu ya vyote hivyo koti nene la manyoya ya bata. Alijipigapiga kifuani akaniambia, "Dada, usiwe na wasiwasi, baridi haina pa kuingilia hapa." Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na kwa kuwa inahatarisha maisha ya watu, nimeona heri niijibu kwa maandishi.

Anayesema hivyo anadhani baridi ni adui anayetoka nje peke yake, na kwamba kadiri ukuta unavyokuwa mnene ndivyo anavyozuilika. Ukweli ni kwamba mtembeaji hulowa kwanza kutoka ndani. Tunapopanda ngazi za mawe za Jacob's Ladder, misuli huzalisha joto jingi, na aliyejifunika mno huanza kutokwa na jasho kabla hata hajafika nusu ya mlima. Pamba hulinywa jasho hilo na haiko tayari kuliachia. Kinachotuhifadhia joto katika nguo ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzinyuzi zake. Hewa hiyo ikiondoka na maji yakachukua nafasi yake, joto la mwili hupotea upesi, kwa sababu maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Manyoya ya bata nayo yakilowa hushikamana na kuwa kama kitambaa kitupu.

Anayepanda haoni dalili yoyote, kwa kuwa mwili bado unazalisha joto, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Hatari huja tunapofika juu na kuketi. Halijoto ikiwa nyuzi 0 za Selsiasi na upepo ukivuma kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kana kwamba ni nyuzi 7 chini ya sifuri, na nguo iliyoloa huongeza madhara hayo. Tulipojibanza nyuma ya mawe ya Kinder Low, huko juu, ili tunywe chai, yule kijana alishindwa kufungua zipu ya begi lake mwenyewe. Nilipoliminya pindo la sweta yake, maji yalichuruzika katikati ya vidole vyangu, ilhali siku hiyo haikuwa imenyesha hata tone la mvua. Tulimvua tukamvika fulana kavu ya akiba, tukamkinga upepo, tukampa chai yenye sukari nyingi, kisha tukaanza kushuka.

Ombi langu kwa kila anayetembea nasi ni hili: mwilini avae fulana ya sufu au ya poliesta, juu yake sweta nyepesi ya flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi), na juu kabisa koti la kuzuia upepo na mvua. Koti nene likae begini hadi tutakaposimama. Mtu aanze safari akihisi baridi kidogo, kwani anayeondoka stesheni akiwa na joto la kumtosha atakuwa amelowa jasho baada ya dakika ishirini. Soksi na fulana za akiba zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, maana begi lenyewe huvuja. Siku hizi sipandi na mtu aliyevaa jinzi, na wanaonikasirikia kwa hilo nawaelewa, lakini sitabadilisha msimamo.

Wenzetu wa Afrika Mashariki huniambia pia kwamba wamepanda Kilimanjaro yenye mita 5,895, hivyo kilima cha mita 636 hakiwezi kuwasumbua. Urefu ni kipimo kimoja tu. Kule mtu huongozwa na waongoza wageni, wapagazi humbebea mizigo, na baridi ya karibu na kilele huwa kavu zaidi. Kinder Scout ni uwanda mpana wa mboji nyeusi, wenye mitaro inayofanana, ambako ukungu ukishuka hata mwenyeji huhitaji ramani na dira, na mvua ya nyuzi 3 huloanisha kuliko theluji.

Kuhusu chupa ya pombe ya "kupasha mwili moto," pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akahisi joto huku joto la ndani likipotea. Wala si kweli kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Kofia ni muhimu, lakini haimkingi aliyeloa mgongo. Na anayetetemeka kisha akaacha huku bado amepoa, maneno yakimlemea na miguu ikijikwaa, hajapata nafuu: hali yake imezidi kuwa mbaya.

Wengi hufikiri tuna siku nzima. Katikati ya Desemba jua huzama huku saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Kanuni ya mpanda milima Mskochi William Naismith ya mwaka 1892 hukadiria saa moja ya kutembea kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda; kilomita 14 zenye mita 500 za kupanda huhitaji karibu saa tatu na dakika arobaini, bila mapumziko wala matope. Ndiyo maana huweka saa ya kugeuka kabla hatujaondoka, na ikifika tunageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Simu nayo haitoshi, kwa kuwa baridi hudhoofisha betri na mtandao hukatika mabondeni. Iwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukihitaji msaada, piga 999, omba polisi, kisha uombe kikosi cha uokoaji milimani. Pasipo na mtandao, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha urudie. Mabegi mengi ya matembezi yana filimbi ndogo kwenye kifungo cha mkanda wa kifuani, na wengi huyabeba kwa miaka bila kuiona.