Mikindani haijafa: tunayoyakosea tukiitazama dirishani

Basi la Lindi likikaribia Mtwara, kuna kipande kifupi ambapo barabara inabanana na ghuba. Upande mmoja mikoko, na mashua zilizolala ubavu kama maji yamekupwa. Upande wa pili kuta nyeupe zilizochoka. Abiria wakati huo wameshaanza kutafuta mabegi yao. Ndiyo Mikindani hiyo, na imeshapita.

Nami nimeipita hivyohivyo miaka mingi. Siku niliposhuka nikaizunguka kwa miguu, tangu saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakolea, niligundua kwamba karibu yote niliyoyajua kuhusu mji huu niliambiwa na watu ambao nao hawajawahi kushuka.

"Mikindani ni kitongoji cha Mtwara kilichochakaa"

Ukweli umegeuzwa miguu juu. Mtwara ndiyo mtoto. Mji tunaouona leo, wenye barabara pana na gati, ulikuja na mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, mafuta ya kula yalikuwa haba kwao, wakapanga kulima mashamba makubwa ya karanga Tanganyika, mengine huko Nachingwea. Mazao yangetokea wapi? Ghuba ya Mikindani iliwatosha wenye majahazi, lakini meli kubwa zilitaka kina, na kina kilikuwa Mtwara. Gati likajengwa huko, reli ikalazwa hadi Nachingwea.

Karanga zenyewe hazikuwa za kusimulia. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilikuwa imefungwa, kisha ikang'olewa. Bandari ikabaki, na ofisi na wafanyabiashara wakaifuata. Kwa hiyo Mikindani haikuzeeka ikachoka yenyewe, ilihamwa. Kabla ya hapo ilikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1895. Jina la manispaa lenyewe linakiri: Mtwara Mikindani. Mjukuu amebeba jina la bibi yake, ila siku hizi watu wanamsalimia mjukuu tu.

"Yale ni magofu"

Gofu halianikwi kanga. Nilipita uchochoro ambao kutoka barabarani ungeapa hauna mtu, nikakuta mlango wa nakshi umefunguliwa bawa moja, ndani sufuria ya chai inafuka mvuke. Barazani bibi mmoja alikuwa anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa huku kusini, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepotea?"

Nikamwambia natembea tu. Akacheka. Nadhani alikuwa hajapata kumwona mtu wa Mtwara mjini anatembea tu.

Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, na wageni hudhani waliojenga hawakuwa na kiwanja. Kumbe sababu iko juu ya kichwa. Dari imelazwa boriti za mikoko, na boriti nzuri haipatikani ndefu kiasi cha kuvuka chumba kipana. Mkoko ndio uliopima chumba.

"Ukuta wa zamani dawa yake saruji"

Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo kosa linalobomoa Mikindani kuliko mvua.

Ukuta wa kale wa pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu kama sponji. Linafyonza maji kutoka ardhini na chumvi kutoka hewani, kisha linayatoa polepole kupitia chokaa, ambayo nayo ni laini na inapitisha unyevu. Ukuta unaloa, unakauka, maisha yanaendelea.

Sasa mtu anapata pesa, tuseme msimu wa korosho umekwenda vizuri, anataka kuistiri nyumba ya babu. Anamwita fundi, fundi anapiga lipu ya saruji. Mwaka wa kwanza nyumba inapendeza. Lakini maji yako ndani na njia yake imezibwa, kwa hiyo yanapanda juu kutafuta pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinakaa kwenye unyevu usiokwisha, vinaoza. Siku lipu inapodondoka, inaondoka na ngozi ya ukuta.

Hayo nilionyeshwa na fundi mmoja mzee aliyekuwa juu ya ngazi, anabandua saruji kwa patasi. Kilichodondoka kilikuwa kipande kikubwa kama sinia, na upande wa nyuma kilikuwa na unga mweupe. Akaniambia nionje. Chumvi tupu.

"Mwanangu, ukuta huu ulikuwa unatoka jasho," alisema. "Wao wakauvisha koti la mvua."

Chini ya ngazi palikuwa na pipa la chokaa iliyolowekwa, amelifunika gunia. Haikuwa tayari, alisema. Chokaa nzuri haitaki haraka. Zamani waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Yeye ya kwake imekuja kwenye mfuko, kwa gari. Hilo wala halikumsumbua.

Tofauti kati ya kukarabati na kurembesha inaonekana wazi ukilinganisha majengo mawili. Boma lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likawa hoteli na mahali pa kuwafundisha vijana kazi za hoteli, na ukilitazama bado ni boma. Chini yake lipo jengo linaloitwa soko la watumwa. Hilo nalo lilikarabatiwa, ila matao yake yaliyokuwa wazi yalizibwa kwa kuta. Lina paa, lina wapangaji, halibomoki. Uso wake ndio umepotea.

"Livingstone aliishi nyumba ile"

Nyumba yenyewe ina kibao ukutani, na kibao hicho kinasema Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mskoti, anasadikiwa tu kuishi pale. Lililo na hakika ni kwamba alitua Mikindani tarehe 24 Machi 1866, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, kabla ya kuanza safari yake ya mwisho barani. Kwenye msafara huo alikuwamo kijana Myao, Chuma, mmoja wa wale waliokuja kuubeba mwili wake hadi pwani. Chuma hana kibao pale, na mimi ningependa kukisoma cha kwake kwanza.

"Ni gesi iliyouamsha mji"

Gesi ya Mnazi Bay, karibu na Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Matumaini makubwa yalikuja baadaye sana: viwanja vikapanda bei, kila mtu akawa dalali. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kulipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Mwaka 2015 bomba likazinduliwa. Ukitembea Mikindani ukitafuta pesa ya gesi, utachoka miguu.

Nilichokiona mimi ni vitu vidogo, na vina wenyewe. Bati jipya juu ya ukuta wa miaka mia. Baraza limesakafiwa upya, na mwenye nyumba ameweka meza ya samaki wa kukaanga. Chumba cha mbele kilichofungwa muda mrefu sasa ni cha fundi cherehani, na mlango wa nakshi umepakwa mafuta, haukupakwa rangi ya bluu. Pesa ya korosho, ya samaki, na ya mtoto aliye Dar. Ndiyo maana kazi inakwenda kwa kipande: ukuta mmoja mwaka huu, mwingine msimu ujao.

"Kusini hakufikiki"

Hilo lilikuwa kweli kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003. Leo ni mvua kubwa tu inayoweza kuikata barabara, kama ilivyofanya mwaka 2024. Na kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kilomita kumi hivi. Hilo si jambo la kufunga mizigo.

Nilirudi kupitia uchochoro uleule. Ming'oko ilikuwa imeshachemka, chumvi pembeni. Bibi akanisogezea sahani, akasema mabasi yapo mengi, nikae.