Somo wa Ubatizo: Felisita Yupi?

Katika Kanisa Katoliki, somo ni mtakatifu ambaye Mkristo amepewa jina lake alipobatizwa. Ugumu huanza pale jina moja linapobebwa na watakatifu kadhaa, na hali hiyo imejaa miongoni mwa wafiadini wa karne za kwanza, kwa kuwa majina kama Feliksi na Felisita, yenye maana ya heri, yalipendwa na Warumi wa kila tabaka, hata watumwa.

Felisita wa Karthago, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo, alikuwa mtumwa aliyetiwa gerezani kwa ajili ya imani yake ya Kikristo akiwa mjamzito. Sheria ilikataza kumuua mwenye mimba, naye akahuzunika sana, akihofia kwamba Wakristo wenzake waliofungwa naye wangemtangulia kuuawa. Wakasali pamoja, na uchungu ukamshika mimba ikiwa ya miezi minane. Mlinzi alipomdhihaki kwamba anayelia hivyo sasa atafanyaje mbele ya wanyama wakali, alimjibu kuwa hapo gerezani anateseka yeye mwenyewe, lakini kule uwanjani atakuwamo mwingine ndani yake, yaani Kristo, atakayeteseka kwa ajili yake. Akajifungua mtoto wa kike, ambaye dada mmoja Mkristo alimchukua na kumlea kama mwanawe. Mama huyo aliuawa pamoja na mfungwa mwenzake, Perpetua, tarehe 7 Machi 203.

Felisita wa Roma, anayekumbukwa tarehe 23 Novemba, ni mtu mwingine kabisa. Mapokeo humsimulia kama mjane aliyeuawa kwa ajili ya imani pamoja na wanawe saba. Hata hivyo, orodha ya wafiadini ya Roma ya mwaka 354 inawaweka wanaume hao saba, wanaokumbukwa tarehe 10 Julai, katika makaburi manne tofauti, ndiyo maana wanahistoria wengi huona kwamba huenda hawakuwa ndugu wa tumbo moja.

Myesuiti Hippolyte Delehaye, aliyechunguza habari za watakatifu kwa miaka mingi, alifundisha kwamba mfiadini hutambulika kwa mambo mawili: mahali anapoheshimiwa na siku ya kumbukumbu yake. Nakubaliana naye kabisa, kwa sababu masimulizi huazimana visa kwa urahisi, ilhali siku na kaburi vilitunzwa na waamini waliokusanyika pale kusali kila mwaka. Kwa hiyo, aliyebatizwa Felisita na kutaka kumjua somo wake aanze kwa kuuliza tarehe. Ikiwa ni 7 Machi, orodha ile ya mwaka 354 inamjibu waziwazi: siku hiyo imeandikiwa Perpetua na Felisita, na kando ya majina yao limewekwa neno moja, Afrika.