HPV pozitivu, siki safi: mashine haijakudanganya

Wiki hii tena. Dada kaja dirishani maabara na karatasi mbili za uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, moja HPV (kirusi kinacholeta nyingi ya saratani hizo) pozitivu, nyingine ya kipimo cha siki haina shida, anataka tumwandikie majibu upya maana "mashine yenu imedanganya". Nimechoka kulisikia hili, na kinachoniuma zaidi ni wale ambao hata dirishani hawaji, wanachana karatasi wanaenda zao.

Jamani, mashine ya HPV haitafuti kansa. Inatafuta DNA ya kirusi, basi. Ukiwa na kirusi ila mlango wa kizazi bado mzima itaandika pozitivu na itakuwa imesema kweli. Kwenye siki nesi anaipaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia kwa macho kama pamekuwa peupe, dalili ya mabadiliko. Kila kimoja kimeulizwa swali lake, sasa uongo uko wapi hapo?

Haya tupige hesabu ya mfano. Wanawake 1,000, tuseme 20 wana mabadiliko ya kutibiwa kabla hayajawa saratani. HPV itadaka kama 19, papsmia, kile cha kuangalia seli kwa hadubini, ingeachia wengi zaidi wapite. Ila hiyohiyo HPV inaweza kuita watu 150 pozitivu, yaani zaidi ya 130 wameitwa na leo hawana kidonda chochote, na hao ndio wanaoenda kusema mtaani kipimo kibovu. Mimi naangalia upande wa pili, wale 850 walioambiwa negativu, humo kapita mmoja tu! Negativu ndiyo yenye nguvu, ndo maana WHO mwaka 2021 wakasema ukiwa negativu unaweza kurudi baada ya miaka 5 hadi 10, mwenye VVU 3 hadi 5. Na pozitivu wengi mwili unakifukuza kirusi wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, balaa ni kinachong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18 ambazo zinabeba kama 70% ya saratani hii, kwa hiyo ukiandikiwa 16 usijilinganishe na jirani yako.

Sasa kinachoninyima raha, na sitawaficha. Tunamdaka mtu kwa kipimo kikali halafu tunamchuja kwa siki ambayo inategemea jicho la aliyekuwa zamu, na kwa mama aliyekoma hedhi sehemu yenyewe ya kuangalia mara nyingi imeshaingia ndani haionekani. Tukiacha kuchuja tukawatibu pozitivu wote kwa kuwachoma mlango wa kizazi kwa joto, tutachoma wengi bure, na kwa wenye VVU pozitivu ni nyingi zaidi. Kuna siku naona bora tuchome, kesho yake nabadilika.

Yule dada nimemwambia siki safi haijafuta kirusi, arudie HPV baada ya miezi 24, angekuwa na VVU ingekuwa 12. Na akitoka damu baada ya tendo asisubiri tarehe wala karatasi, hata ya negativu, maana saratani chache za hapo hazina HPV kabisa. Tarehe nimemwandikia nyuma ya karatasi ileile aliyotaka tuibadilishe.