Kisiki si maiti: tunayoyakosea kuhusu misitu, mkaa na kaboni

"Dawa ya mabadiliko ya tabianchi ni kupanda miti."

Hili nalisikia kuliko mengine yote, hasa mvua za kwanza zinapoanguka na kila mkutano ukageuka kuwa shughuli ya kugawa miche. Sina ugomvi na mche. Ila mche uliopandwa Novemba bila mlinzi, ikifika Agosti mbuzi wameshaumaliza.

Shinyanga walilijua hili mapema. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulikuta nchi imekwanguliwa. Miti ilikuwa imefyekwa ili kuondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Mwanzoni mradi ulikazania vitalu vya miche. Mabadiliko makubwa yalikuja ulipogeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungulia mifugo kiangazi kikikolea. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi. Ilichohitaji ni kupumzishwa. Dagashida, yaani baraza la jadi, liliweka kanuni, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia. Miaka ya mwanzo ya 2000 ilipofika, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000.

Dodoma wana jina zuri la kazi ya namna hiyo: kisiki hai. Unakuta kisiki shambani kimechipua vijiti vingi, kimekuwa kichaka. Unachagua viwili au vitatu vilivyonyooka, vingine unaviondoa kwa panga, unapogoa matawi ya chini, halafu unafunga kitambaa kwenye shina ili mchungaji ajue mti huo una mwenyewe. Hulipii kitalu, hubebi maji, na mizizi ilishashika ardhi zamani.

"Mkaa ndio unaomaliza misitu."

Mkaa una madhara yake, na moshi wake jikoni ni mateso kwa mama na mtoto. Lakini Tanzania Bara msitu mwingi unapotea kwa kufungua mashamba. Shamba la mahindi likichoka, mtu anasogea mbele. Bei ya ufuta ikipanda, anasogea haraka zaidi, kwa sababu ufuta unapenda ardhi mpya. Na shambani visiki vinachomwa au kung'olewa, hivyo msitu haurudi. Ndiyo maana samadi, matandazo na makinga maji ni sera ya misitu kama ilivyo doria ya afisa misitu. Anayevuna vizuri palepale kila mwaka hana haja ya kufyeka pori.

Marufuku tuliijaribu. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku nchini, na agizo lenyewe halikumaliza hata mwezi, kwani watu wa mijini hawakuwa na nishati nyingine ya kupikia. Mkakati wa sasa unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, lakini kwa sasa magunia bado yanaingia mjini kila usiku.

Baadhi ya vijiji vya Kilosa vilichagua njia nyingine. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji inagawanywa viwanja vya mita 50 kwa 50. Kinakatwa kimoja, cha jirani kinaachwa, ukiangalia ramani unaona kama ubao wa drafti. Mti haung'olewi, unakatwa na kisiki kuachwa kichipue, nayo miti ya miombo inachipua vizuri. Kiwanja kilichokatwa leo hakiguswi tena kwa miaka 24. Ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji.

"Msitu ni mali ya serikali, sisi tunaangalia tu."

Si kweli, na kosa hili linatugharimu. Karibu nusu ya misitu yote ya Tanzania Bara iko kwenye ardhi ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake wa hifadhi, kutunga sheria ndogo, kutoza ushuru na kuwatoza faini wavamizi. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Mahali ambapo watu hawakuelezwa hivyo, msitu unaliwa na yeyote mwenye msumeno.

"Biashara ya kaboni ni kuuza hewa, na wageni watachukua ardhi."

Kinachouzwa si hewa tunayovuta wala ardhi. Kila hati ya kaboni inasimama badala ya tani 1 ya hewa ukaa ambayo ingepanda angani kama msitu ungefyekwa. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanalipwa kwa kulinda pori lao, na wilayani Tanganyika, Katavi, vijiji vinane vimetumia mapato hayo kwenye zahanati na madarasa.

Hata hivyo hofu ya wanakijiji siidharau. Mkataba wa kaboni unafunga kijiji kwa miaka mingi, na mara nyingine unaletwa kwa Kiingereza mbele ya watu wanaosoma Kiswahili. Kabla mkono haujanyooshwa kupiga kura, mkataba usomwe wote kwa Kiswahili, kwa sauti, na wanawake wanaookota kuni msituni humo wawe wamekaa mbele.